Magoti ya Mama na Sijda Yake



Katika kushona nguo za arusi, anayenipa kazi si bibi arusi, ni mama yake. Bibi arusi nampima mara moja, basi. Lakini mama wa miaka 60 akisimama mbele yangu, naona uzito wote ameutupa mguu mmoja, magoti yamepinda kwa nje, na pindo la dera nikilikata sawasawa litaburura upande mmoja. Nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Magoti mwanangu, ute umekwisha."

Mamangu naye alikuwa akisema hivyo hivyo. Kwanza aliacha kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Kisha akaacha maulidi, kwa sababu kule watu hukaa chini kwenye mikeka na kuinuka kwake kulihitaji watu wawili. Mwisho akawa anasali kwenye kiti. Hilo la kiti ndilo lililomliza. Kuumwa alivumilia, lakini kukosa kuweka paji la uso kwenye msala kulimuuma kuliko goti lenyewe.

Vidonge vya maumivu alinunuliwa duka la dawa, akavimeza kila siku kama peremende. Daktari alipojua kwamba mama ana presha, alivikataza. Vidonge vya aina ile vikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo, na presha huipandisha. Akamwandikia fiziotherapia. Mama alikasirika! "Mazoezi? Nikakimbie Maisara na mabuibui yangu?" Hofu ya pili ilikuwa stara: nani atamshika miguu? Tuliomba mtaalamu mwanamke tukapewa. Ombeni na nyinyi, si aibu. Na mimi nikamshonea suruali pana ya kitambaa chepesi ya kuvaa chini ya dera, akafanya mazoezi yake bila wasiwasi.

Yule dada wa fiziotherapia alitueleza vizuri. Ute wa goti haukwishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Gegedu lililolika mazoezi hayalirudishi, na hakutudanganya kwa hilo. Lakini goti linashikwa na misuli, hasa ule mkubwa wa mbele ya paja. Goti likiuma mtu hukaa, akikaa msuli hulegea, msuli ukilegea goti hubeba kila kitu peke yake na huuma zaidi. Hapo ndipo mazoezi yanapoingia.

Aliyompa hayakuhitaji hata mashine. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka paja likaze, hesabu mpaka 5, uteremshe polepole. Mara 10, kisha mguu wa pili. Kunja taulo, weka chini ya goti ukiwa umenyoosha mguu kitandani, lisukume taulo kwa goti. La tatu ndilo gumu: kuinuka kwenye kiti na kukaa tena bila kujishika na mikono. Mama alianza kwa mara 3 na kiti kilichoongezwa mto. Ngazi panda kwa mguu mzima, teremka kwa mguu unaouma. Bakora ishikwe mkono wa upande usiouma; sisi tulikuwa tunampa wa upande unaouma, na wazee wengi ninaowaona mjini wanafanya vivyo hivyo.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari, alisema, yakiwa yametulia ifikapo kesho yake. Yakizidi au goti likivimba, punguza idadi. Na usitegemee kitu wiki ya kwanza. Kwa mama ilichukua kama miezi miwili ndipo akaanza kuinuka kitandani bila kuita mtu. Kupunguza mwili nako kunasaidia sana, maana kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. (Hapo mama aliniangalia mimi, si yeye mwenyewe.)

Kukanda kwa maji moto na mafuta ya habasoda hatukuacha. Kunamliwaza, na mkono wa binti kwenye mguu wa mama una baraka zake. Ila kukanda hakujengi msuli.

Sasa nyinyi mabibi arusi. Mnaingia nyumba zenye mama mkwe, na mnataka aseme mke wa mwanangu ana adabu. Kwa hiyo kila akiinuka mnamwambia "kaa mama, nitafanya mimi". Mzee wa magoti akikalishwa kutwa kwenye kochi, anazidi kudhoofika. Mwondolee ndoo ya maji na kile kibao cha mbuzi, lakini mwache atembee mpaka kwa jirani, achambue mchele wake akiwa kwenye kiti cha juu, na umshike mkono mwende pamoja. Huko nako ni kumtunza.

Kuhusu sala, dini yetu ni nyepesi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Anayeweza kusimama asimame kwenye kisimamo, na sijda aifanye kwenye kiti. Mengine muulizeni shekhe wenu.

Na si kila goti ni la mazoezi tu. Likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au mtu ameanguka na hawezi kukanyaga, hospitali kwanza. Vilevile vidole vya mikono vikivimba na ukakamavu wa asubuhi ukapita nusu saa, huenda ni baridi yabisi, ambayo ina dawa zake.

Mama sasa anasali kisimamo chote kwa miguu yake. Sijda ya chini anaiweza baadhi ya siku, akiwa na kigoda pembeni cha kujiinulia. Mazoezi anayafanya baada ya Alfajiri, isipokuwa Ijumaa. Anasema hata mafundi wana siku ya kupumzika.