Bagamoyo: Nyumba ya Misafara

Ukifika Bagamoyo utaona nyumba nyingi za kale. Leo tutazame moja tu. Inaitwa Karavanserai. Neno hili lina asili ya Kiajemi. Maana yake ni nyumba ya misafara.

Bagamoyo ni mji mdogo wa pwani. Uko kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Nyumba hii ina uwanja mpana, na vyumba vimepangwa kuuzunguka. Hapa ndipo misafara ya biashara ilipopumzika na kufungasha mizigo.

Mizigo mabegani

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, njia kubwa ya biashara ilitoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ilipita Tabora, ikaishia Bagamoyo. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Kutoka pwani zilikwenda nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba.

Nani alibeba mizigo hiyo? Wanyama wengi wa mizigo waliuawa na mbung'o njiani. Kwa hiyo watu ndio waliobeba. Mpagazi mmoja alichukua kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Huo ni uzito wa zaidi ya debe moja na nusu la maji. Tena alibeba mkeka wake, chungu na chakula. Kutoka Tabora hadi pwani alitembea miezi 3 hivi.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hao walifanya kazi kwa ujira. Lakini watu wengine waliletwa pwani kama watumwa. Hao hawakupata ujira wala uhuru.

Pembe zilivushwa hadi Unguja, kisha zikapelekwa Ulaya na Marekani. Huko zilitengenezwa vitana na vibonye vya vinanda. Faida kubwa ilikwenda kwa wafanya biashara. Jasho lilikuwa la wapagazi.

Reli yaja

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa la tani 10 huchukua mzigo wa wapagazi zaidi ya 300. Basi misafara ikakoma, na nyumba ya misafara ikakosa wageni.

Tuitunze

Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Adui wao mkubwa ni mvua. Chokaa ikibanduka, maji huingia ukutani na ukuta hupasuka. Adui mwingine ni mtu anayebomoa mawe ili ajengee kwake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya namna hii.

Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Nyumba hii ni ushahidi wa kazi yao. Ushahidi mwingine uko vijijini. Je, kijiji chako kiko karibu na njia ya Kilosa, Mpwapwa, Tabora au Ujiji? Waulize wazee yale waliyosimuliwa na babu zao. Misafara ilipiga kambi wapi? Ilichota maji kisima gani? Nani wa ukoo wenu alikwenda pwani? Sasa unajua kuandika. Chukua daftari, uyaandike.