Mzee na Koko wa mtaa wetu

Jumamosi iliyopita tulimsindikiza Koko kwenye makaburi, miezi kumi na mmoja baada ya Mzee wake. Wengi wenu mlikuwepo kwenye kilio, wengine mlituma mchango, na jamaa inawashukuru wote. Majina yao hatuyaandiki hapa, maana watoto wao wameomba hivyo. Lakini kila anayepanda mtaa wetu hapa mlimani, Bukavu, anaijua nyumba ya mti wa avoka, na anajua ni nani tunayemsema.

Walioana mwaka 1966 kwa desturi. Ng'ombe walitoka kwa baba yake Mzee, kasiksi ikanywewa siku mbili, na ndoa ikawa ndoa. Padri aliwabariki miaka kadhaa baadaye, wakiwa tayari na watoto. Kwa serikali hawakwenda. Nani alikuwa anakwenda, wakati ule? Hilo la serikali tutalirudia, kwa sababu lilikuja kuwa kubwa.

Mwaka 1967, mwezi wa nane, mamluki wa Schramme waliingia Bukavu na kuukalia mji mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Watu wakakimbia. Koko alikuwa amejifungua binti wao wa kwanza wiki tatu tu zilizopita, mwili ulikuwa bado haujapona. Mzee alichukua kikwembe, akamfunga mtoto mgongoni mwake yeye mwenyewe, akatwika sufuria kichwani, wakaenda kwa miguu upande wa Walungu. Koko alipenda sana kutusimulia njia ile, na jambo alilolisimulia zaidi si masasi, ni vicheko. Watu wanakimbia kifo, alisema, lakini wakimwona mwanaume amebeba mtoto mgongoni wanapata nafasi ya kucheka. Mzee aliwajibu neno moja tu mpaka walipofika: "Chekeni, mtoto ni wangu."

Walifuata mabinti wengine wawili. Hapo ndugu zake Mzee wakaanza kuja jioni jioni na maneno ya mke wa pili, ili apate mvulana. Sisi tunawajua wanaume waliokataa jambo hilo kwa mdomo na kulikubali kwa siri. Mzee hakulikubali popote. Aliwasikiliza wakubwa wake kwa heshima, akafunika mashine yake ya kushona, akawasindikiza mpaka barabarani. Wa nne alikuwa mvulana. Surua ilimchukua kabla hajatimiza miaka miwili. Katika watoto saba walizika watatu, na Koko hakuwahi kutaja hesabu ya watoto wake bila kuwaweka wale watatu ndani.

Kazi ya Mzee ilikuwa kushona. Wakati Mobutu alipoleta mambo ya uhalisi, suti na tai vikakatazwa na kila mwanaume wa ofisi akatafuta abakosti, mafundi wa kushona walipata kazi kuliko walivyoweza kumaliza. Koko ndiye aliyekuwa anamtungia sindano. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza unga wa muhogo, alitunga uzi kwenye sindano kumi, nyeupe, nyeusi na za rangi, akazichomeka kwenye kitambaa kando ya mashine, maana macho ya Mzee hayakuwa na nguvu kwa vitu vidogo. Na katika miaka yote ile Koko hakuvaa nguo iliyoshonwa na fundi mwingine. Hata kikwembe cha siku ya wanawake, tunachovaa wote sawa, cha kwake kilikuwa na shingo isiyofanana na ya mtu.

Kuna habari moja ambayo waliisimulia wawili pamoja, wakikatizana. Mwisho wa mwaka 1979, siku za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekufa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Koko alikuwa na kopo lake chini ya kitanda, akiba ya kununua parsele, ambayo bwana yake hakuijua. Sehemu kubwa ikabaki karatasi. Alikaa siku mbili bila kula, siku ya tatu akamwambia. Mzee akanyamaza, akatoka, akarudi na kopo lake yeye, alilokuwa amelificha juu ya dari. Nalo lilikuwa limejaa noti zilizokufa, na nalo lilikuwa la parsele. Walicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku ile lilikuwa kopo moja, na parsele wakainunua, ingawa ilichukua miaka sita mingine.

Tusiwageuze malaika. Koko alikuwa na ulimi mkali, na wengine wetu tumeuonja. Mzee akikasirika aliweza kukaa siku tatu bila kumwambia mtu neno. Waligombana juu ya shule za watoto, juu ya shemeji waliokuja kwa wiki moja wakakaa mwaka, na juu ya chumvi. Lakini hatukusikia hata siku moja mmoja akimsema mwenzake vibaya nje ya nyumba, na sisi tunasikia mengi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1996, wiki ile aliyouawa Askofu Munzihirwa, nusu ya mtaa ilikimbia. Koko alikuwa na mguu uliovimba, hakuweza kutembea. Watoto walimwomba baba yao aende nao, mama akae kwa jirani. Mzee alichimba shimo chini ya migomba, akazika kichwa cha mashine kikiwa kimefungwa ndani ya nailoni, akaingia ndani akafunga mlango. Wote wawili walikaa humo na maharagwe kidogo mpaka mizinga iliponyamaza. Tetemeko la 2008 lilipasua ukuta wa jikoni, akaujenga upya mwenyewe, na umri ulikuwa umeshaenda.

Kisha macho ya Koko yakazimika. Yeye aliyetunga sindano akawa wa kuongozwa mpaka choo. Mzee alifunga kazi ya saa za asubuhi akashika ya jikoni. Alitwanga sombe barazani, mbele ya watu, na wanaume waliopita walisema kwamba mzee amerogwa. Sombe yake, kusema ukweli, haikuwa nzuri, aliitia mawese mengi mno. Koko aliimaliza. Jioni alimsomea masomo ya Jumapili kwa sauti ili wakifika kwenye shirika naye awe na la kusema, na Koko alikuwa anasema kuliko sisi wenye macho.

Sasa turudi kwenye lile la serikali. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilipogeuzwa mwaka 2016, chama chetu kilimwalika mwanasheria mmoja mama atueleze. Alituambia kwamba mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake ili kusaini makubaliano au kwenda mahakamani. Alituambia pia jambo ambalo si jipya lakini wengi hatukulijua: ndoa ya desturi inapaswa kuandikishwa kwa afisa wa serikali, ndani ya mwezi unaofuata ndoa, na mjane wa ndoa inayotambuliwa ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana yake. Siku ile alikuwepo mwanaume mmoja tu. Mzee alikuwa amemleta Koko, akakaa karibu na mlango, kofia mkononi. Mwisho aliuliza: "Na sisi tuliochelewa miaka hamsini?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Walipanda komine mara tatu mwaka 2017, Koko ameshika mkono wake, pamoja na mashahidi wa jamaa zote mbili. Kwa upande wake Mzee alimchagua kwa makusudi mtoto mkubwa wa kaka yake, yule ambaye ukoo unamsikiliza. Waliporudi na hati, Koko aliomba aishike. Aliipapasa, akauliza jina lake limeandikwa wapi, Mzee akamwekea kidole hapo.

Mzee alitutoka mwezi wa kumi mwaka jana, usingizini. Kilio kilikuwa hakijamaliza wiki vijana wawili wa ukoo walipokuja kuomba funguo. Walisema mama ni kipofu, atakwenda kwa binti yake, nyumba irudi kwa wenyewe. Wengine wetu tulikuwa jikoni tunaosha sahani, tukasikia yote. Binti mkubwa hakupiga kelele. Alileta hati. Yule mtoto wa kaka, aliyekuwa amekaa nao, aliitazama kwa muda, akaonyesha sahihi yake chini, akasema: "Hii ni mimi niliisaini. Mnataka nikane mkono wangu?" Walikunywa chai, wakaondoka.

Koko aliishi miezi yake kumi na mmoja ndani ya nyumba yake, akikaa barazani, akituita kwa kutambua hatua zetu. Mashine amemwachia mjukuu wa kike, ambaye ameshaanza kushona.

Hati iko kwa binti mkubwa. Amekubali kuileta Alhamisi kwenye mkutano, wenye kutaka waione imeandikwa namna gani na mashahidi wanasaini wapi. Wamama watatu kati yetu, waliooana kwa desturi tu, wameshaanza kuzungumza na mabwana zao. Mmoja amekubali, mmoja anasema atafikiri, na wa tatu ameuliza kama Alhamisi na yeye anaweza kuja.