Naacha maikrofoni, narudi darasani

Jamani, nimeamua. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili, tena si ya uandishi wa habari kama wengi mlivyodhani. Nataka kusomea matatizo ya usemi na mawasiliano, Marekani.

Mama kashangaa: "Kuna shule ya kufundisha watu kuongea?" Nikamwambia ipo, na watu wake ni kina baba mdogo. Kabla ya kiharusi alikuwa mshereheshaji wa harusi. Leo anaelewa kila kitu, ila jina la mkewe halitoki.

Masharti si mchezo. Kwa kuwa digrii yangu ni ya habari, vyuo vingi vinataka nianze na masomo ya msingi: fonetiki, viungo vya usemi, usikivu. Halafu cheti cha ASHA, chama cha wataalamu hao kule, kinadai saa 400 za vitendo, 25 kati yake za kutazama tu. Makerere ilianza kozi hii mwaka 2008, lakini ni ya shahada ya kwanza.

Kinachoniumiza kichwa ni insha ya maombi: kwa nini wewe? Jibu langu ni Kiswahili. Vipimo vingi vimetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Mtoto akisema "kitabu yangu", ana tatizo la lugha, au ndivyo wanavyoongea mtaani kwao Nairobi? Kipimo cha Kiingereza hakiwezi kujua. Anayejua ni mtu aliyekulia katika lugha hiyo.

Niombeeni. Majibu yakitoka, nitawaambia.