Gasketi ikiungua, nani alipe?

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee gasketi. Najua wapo watakaocheka, kijana kasoma chuo kikuu, anaandika gazetini, leo anatuletea habari za gereji! Subirini kidogo. Gasketi ya silinda hedi imemkatisha mtu mshahara wake kwenye familia yetu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mjomba wangu ana Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ. Kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, kupandisha Kitonga, hadi Iringa mjini. Injini hiyo ni ya dizeli, silinda 6, ujazo wa sentimita 4164, na kiwandani haikuwekewa turbo. Kwa uvumilivu haina mpinzani, waulizeni madereva wa mbugani. Ila kwenye mlima ni mzito. Mjomba akachoka kuona wenzake wanampita, akafungiwa turbo, na fundi akafungua pampu ili dizeli iingie zaidi. Wiki za mwanzo ilikuwa raha tupu. Baada ya hapo, ndani ya miezi 8, zikaungua gasketi 3. Ya tatu ilipoungua mjomba akasema sasa basi, dereva anachemsha injini kwa uzembe, gharama atakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara.

Dereva ni mtu mzima, ana watoto wanasoma. Hakugombana. Alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ni mwandishi, niulizie kwa wanaojua. Mimi gari silichemshi." Nami kazi yangu ni kuuliza maswali, nikauliza.

Haya, tuanze na gasketi yenyewe. Injini ina bloki chini, ambamo pistoni zinapanda na kushuka, na juu yake kuna hedi inayofunika. Katikati ya hivyo viwili ndipo inakaa gasketi. Ni kitu chembamba lakini kina kazi tatu kwa mpigo: kuzuia moto usitoke kwenye silinda, kuzuia maji yasiingie kwenye silinda, na kuzuia oili isichanganyike na maji. Inayoibana ni hedi, na hedi inabanwa na bolti. Bolti hizo zinafanya kazi kama mpira wa manati uliovutwa. Ukiikaza, bolti inarefuka kidogo sana, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaoibana hedi. Ikivutwa kupita kiasi inalegea na hairudi tena.

Sasa injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha dizeli. 1HZ inabana hewa mara 22.4. Turbo ikisukuma baa 1, hewa inaanza safari ikiwa na presha karibu mara mbili ya kawaida, halafu ndipo ibanwe tena mara 22.4. Injini za ukoo huo huo zilizotoka kiwandani na turbo zilipunguziwa kubana, 1HD-T iko kama mara 18.6. Wahandisi hawakupunguza kwa kujifurahisha.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Tundu la silinda ya 1HZ lina kipenyo cha milimita 94, yaani eneo la kama sentimita za mraba 69. Kila ukiongeza baa 10 za presha ndani ya silinda, unaongeza nguvu ya kama kilo 700 inayosukuma hedi iondoke juu ya bloki. Kilo 700 wadau, kwa silinda moja! Na injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde. Turbo na pampu iliyofunguliwa haviongezi baa 10 tu. Mbaya zaidi, fundi akisogeza muda wa kumwaga dizeli uwe mapema, moto unawaka wakati pistoni bado inapanda, na presha inaruka juu kuliko hata ile ya turbo yenyewe.

Inafika mahali nguvu ya kusukuma inaizidi nguvu ya bolti. Hedi inanyanyuka kiasi ambacho jicho halioni, moto unapenya, unakula ukingo wa gasketi. Ukishapata njia unaingia kwenye maji. Mapovu yanatokea kwenye rejeta, mipira ya maji inakuwa migumu kama jiwe, maji yanatapikwa nje. Maji yakipungua, injini inachemka. Na wakati mwingine geji ya joto haisemi kitu, kwa sababu kihisi chake kimebaki kwenye mvuke badala ya maji.

Kwa hiyo swali kubwa ni moja: kilianza nini? Gari lilichemka ndipo gasketi ikaungua, au gasketi iliungua ndipo gari likachemka? Kwa macho ya mwenye gari ni kitu kimoja. Kwa mshahara wa dereva ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nilikwenda gereji, fundi akanitolea gasketi ya tatu. Ilikuwa imeungua kwenye ule ukuta mwembamba kati ya silinda ya 3 na ya 4, nyeusi tii, na kwingine kote nzima. Akaweka rula ya chuma juu ya hedi, akajaribu kupitisha geji nyembamba chini yake. Haikupita. Hedi ilikuwa imenyooka. Hedi iliyochemshwa sana mara nyingi inapinda, gasketi inavuja upande ambao haubanwi vizuri. Nikamuuliza, na bolti? Akajibu bila wasiwasi kwamba ni zile zile tangu gasketi ya kwanza. Zimefunguliwa na kukazwa mara tatu, chini ya turbo! Mtu asiwe na haraka ya kumnyooshea kidole dereva hapo.

Wamarekani wameupitia mkasa huu kwa sauti kubwa. Kati ya 2003 na 2007 Ford iliuza pikapu za Super Duty zenye dizeli ya lita 6.0 iliyotengenezwa na Navistar. Kila silinda ilizungukwa na bolti kubwa 4 tu, chache kuliko injini ya lita 7.3 iliyotangulia. Wenye magari wakaziongezea nguvu kwa programu za kompyuta, gasketi zikaanza kuungua. Hata nyingine ambazo hazikuguswa ziliungua, kwa sababu kipozeo cha oili kiliziba, maji yakakosekana kwenye kipozeo cha moshi, joto likapanda. Mafundi wa huko wakazoea kutoa bolti za kiwandani na kuweka studi ngumu zaidi. Gharama za waranti zikawa kubwa mpaka Januari 2007 Ford ikaipeleka Navistar mahakamani. Wakamalizana 2009.

Mnaona? Kampuni mbili kubwa zilifikishana mahakamani kubishana nani alipe. Huku kwetu hakuna ubishi, analipa dereva.

Nilimpelekea mjomba gasketi ile mkononi. Nikamwambia pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema huwezi kumkata mtu kwa hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokana na kosa lake, umweleze kwa maandishi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akaigeuza gasketi mara mbili, akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa mjomba, na mimi hasara yangu nani atanilipa?"

Swali lake ni la haki. Amepoteza safari nyingi za vitunguu. Lakini turbo aliitaka yeye, na faida ya kupanda Kitonga haraka alikuwa anaipata yeye. Mwezi huu amesimamisha makato, ameagiza bolti mpya, presha ya turbo imepunguzwa, na imefungwa geji ya joto la moshi. Ila pesa iliyokwisha kukatwa bado haijarudi, na mimi nitaendelea kumkumbusha kwa heshima zote.

Wadau wenye magari ya biashara, nawaomba kitu kimoja tu. Kabla hujamkata dereva, iangalie gasketi. Inaonyesha mahali ilipoungulia, na mahali hapo mara nyingi pana jibu.