Pingili Nilizomletea Mama

Mwaka 2019 nilishuka kutoka milima ya Mbinga kwenda kwetu ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na juu ya gari mlikuwamo mzigo wangu wa pingili za mihogo, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nilizipata pwani ya kusini, nilikokwenda kwa masomo ya walimu wakati wa likizo. Mkulima mmoja wa huko alinikaribisha mhogo mtamu, mweupe, laini, nami nikamwomba mbegu. Majani ya shamba lake yalikuwa mabichi mazuri, wala sikuona dosari. Mama alinipokea kwa vigelegele. Nusu alipanda yeye, na nusu akawagawia majirani watano, kwa maana kwetu mtu hamnyimi jirani mbegu.

Ninyi wa milimani, mnaolima mahindi na maharage katika ngolo, huenda hamjui mhogo ni kitu gani kwetu. Ndio ugali wetu. Huloweka, huanika, hutwanga, na jioni huula pamoja na dagaa. Tena mahindi yakikosa mvua, mhogo hukaa ardhini ukingoja.

Mwaka uliofuata mama alichimba. Kwa nje mizizi ilikuwa minene, lakini alipoikata aliona mabaka ya rangi ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa. Hata kuku hawakuitaka. Majirani nao walichimba, wakaona yale yale. Mmoja wao ni mjane, naye alikuwa amepanda shamba zima kwa mbegu ile. Hakunitukana. Alikuja na mzizi mmoja ndani ya kikapu, akauweka mbele yangu barazani, akasema, "Mwalimu, tazama," kisha akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Bwana shamba alipofika alisema kwamba ule ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Huletwa na virusi, navyo huenezwa na nzi weupe kutoka shina hata shina. Lakini nzi haendi mbali kama aendavyo mtu mwenye pingili mgongoni. Na shina laweza kuwa na majani mazuri, kumbe lina ugonjwa. Tukang'oa vyote, tukachoma moto.

Lakini bwana shamba alisema neno jingine lililonisumbua zaidi: ugonjwa ule si mgeni. Nikatafuta habari zake, nikaona kwamba mtaalamu Storey wa Amani, katika Usambara, aliuandika mwaka 1936. Na mwaka 1950 mwenziwe Nichols aliandika kwamba umeonekana katika sehemu za chini za Nyasaland pia, yaani nchi iitwayo leo Malawi, ng'ambo ya ziwa letu. Basi je, ni mimi niliyeuleta kijijini, au ulikuwako tangu zamani za babu zetu?

Swali hili lina njia ya kujibiwa. Kila kiumbe kina ndani yake maandiko yanayomwongoza jinsi ya kuwa. Tunayaita vinasaba, na herufi zake ni nne tu. Maandiko ya mtu yana herufi kama bilioni 3. Ya mhogo, zaidi ya milioni 700. Ya kirusi cha michirizi kahawia ni kama herufi 9,000 tu, yaani kurasa chache za gazeti. Kirusi kinapozaana hukosea kunakili hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Sisi walimu tunalijua jambo hili: watoto wawili wakikosea hesabu kwa kosa lile lile la ajabu, twajua walikaa dawati moja. Vivyo hivyo, kirusi cha ziwani kikilinganishwa na cha pwani, herufi kwa herufi, udugu wao huonekana. Ndivyo wataalamu walivyofuata njia za ugonjwa wa korona toka nchi hata nchi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mataifa makubwa. Kusoma maandiko ya mtu kulianza mwaka 1990, kukatangazwa kumalizika mwaka 2003, na mpango mzima uligharimu karibu dola bilioni 3 za Marekani. Mwaka 2014 kampuni moja ilitangaza mashine za kuyasoma kwa dola 1,000, na leo gharama ni mamia tu ya dola. Mwaka ule ule wa 2014 kilianza kutumika chombo kidogo kiitwacho MinION, kinachotosha mfukoni. Uzi wa maandiko hupitishwa katika tundu dogo mno, na umeme unaopita hapo hubadilika kwa kila kundi la herufi. Kompyuta huyatambua mabadiliko hayo. Chombo hicho na vifaa vya kuanzia viliuzwa kwa dola kama 1,000, karibu na bei ya pikipiki mpya.

Tena kimefika shambani. Mtaalamu wetu Joseph Ndunguru, wakati huo akiwa Mikocheni, Dar es Salaam, pamoja na wenziwe wa Uganda, Kenya na Australia, akiwamo Laura Boykin, walikipeleka katika mashamba matatu ya wakulima, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Taarifa yao ilitoka mwaka 2019, mwaka ule ule wa mzigo wangu. Walitumia betri, wakachukua majani, mashina, mizizi hata na wadudu, na katika muda wa saa chache walimwambia mkulima virusi gani vimo. Walivyoviona ni vya batobato. Vya michirizi kahawia vyataka kazi moja zaidi, kwa sababu maandiko yake ni ya aina nyingine na kwa kawaida hunakiliwa kwanza.

Lakini tusidanganyike na neno "rahisi". Dawa zake huagizwa ng'ambo, nyingine hutaka barafu, na kutoka Mikocheni hata kwetu ni safari ndefu. Nami nilichoma mashina yote, nikadhani nafanya usafi, kumbe nilikuwa nikichoma na ushahidi.

Limebaki shina moja la zamani nyuma ya jiko la mama, mbegu ya bibi yangu, ambalo halijapata kuoza hata mara moja. Jina lake ni la kwetu tu, ingawa majina ya mihogo hupoteza mtu: ule uitwao Namikonga huku Tanzania na ule uitwao Kaleso huko Kenya, vinasaba vyao vilipolinganishwa, vilionekana kuwa vya mhogo mmoja.

Mwezi uliopita yule mjane alikuja kumwomba mama pingili za shina lile. Nilikuwapo, nikafurahi moyoni, nikaenda kuchukua panga. Mama akanizuia kwa mkono.

"Subiri, dada," akamwambia mgeni wake. "Huyu mwanangu amenifundisha kwamba uzuri wa jani si kitu. Kwanza akalisomeshe."

Majani yake mawili yamo katika daftari langu la maandalio, yamebanwa kati ya karatasi, yakingoja likizo.