Samaki wa Tangini na Amana ya Maji

Sisi watu wa pwani tumezoea kumjua samaki akiwa demani au chunguni. Watoto wetu wanaokulia Nairobi humtaka awe sebuleni, ndani ya tangi la kioo, wamtazame. Mwaka jana tuliwaridhia wetu. Tangi na samaki sita wa rangi ya dhahabu vilinunuliwa siku moja katikati ya jiji. Muuzaji alituhakikishia kwamba maji safi yatosha, nasi tukapanda matatu kurudi Kawangware, mtungi wa samaki mapajani. Kufika siku ya kumi walikuwa wamesalia wawili.

Lililotutatiza ni kwamba maji yalikuwa maangavu kama ya kunywa. Binti yetu mdogo aliuliza: “Baba, ikiwa maji ni safi, kimewaua nini?”

Jawabu, ndugu wasomaji, ni hili. Kinyesi cha samaki na chakula kinachosalia huzaa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Baharini sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji. Tangini haina pa kwenda. Mwenyezi Mungu amejaalia bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haidhuru upesi. Viumbe hao hukaa katika sifongo ya chujio na katika changarawe, nao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuenea. Tangi jipya halina wa kutosha. Kwa hiyo uangavu wa maji si dalili ya usalama.

Hapo ndipo usafi wetu wa nyumbani unapokuwa mtihani. Mama akiona utelezi kwenye chujio hutamani kulisugua mpaka ling’ae. Lakini likioshwa kwa maji ya mfereji, klorini huwaua bakteria wale, na kazi ya wiki nyingi huanza upya. Chujio husuuzwa kwa maji yaliyotekwa tangini humo. Maji mapya nayo huachwa katika ndoo iliyo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke, kisha robo tu ya maji ya tangi hubadilishwa kila wiki.

Nairobi ina mitihani yake zaidi. Maji ya bwawa la Ndakaini hutufikia kwa mgao, na ndoo iliyowekewa samaki ni ndoo iliyopungua jikoni. Umeme ukikatika usiku, pampu ya hewa hunyamaza. Julai nayo huja na baridi. Jamaa zetu wa Mombasa hawana haja ya kupasha maji. Hapa samaki wa nchi za joto, wanaotaka nyuzi 24 hadi 27, hudhoofika. Samaki wa dhahabu huivumilia baridi, ndiyo maana wale wawili wangali hai. Binti yetu huwapa chakula chembe chache, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili.

Je, yafaa kumfuga kiumbe kwa ajili ya kumtazama tu? Wanavyuoni huirejea hadithi ya Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza, na kindege kilipokufa alimliwaza mtoto yule. Wengi wamechukua hapo ruhusa, kwa sharti la kumtunza mnyama ipasavyo. Lakini pia tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Samaki hata kulia hawezi.

Basi, akina mama na akina baba, mtoto akitaka samaki, nunueni tangi mwezi huu, mtafuteni mwenye ujuzi awafundishe kuyatayarisha maji, na samaki waje mwezi ujao. Mtoto ajifunze kungoja kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa kila kiumbe aliye mikononi mwetu. Amin.