Maji ya Hyderabad na Swali la Khala

Katika mtaa wa Tolichowki, mjini Hyderabad, adhana ya alfajiri si sauti ya kwanza ya siku. Hutanguliwa na ngurumo ya lori la maji likirudi kinyumenyume kichochoroni, na kijana akiligonga ubavuni kumwelekeza dereva. Tulifikia huko mwezi wa Mei, ahali yetu akitibiwa jicho, tukapanga chumba kwa majuma manne katika nyumba ya mama mmoja mjane. Watoto wa mtaa wakimwita Khala, nasi tukamwita hivyo hivyo, kwani neno hilo halina tofauti na halati wa kwetu Mombasa. Khala hakuwa akipata usingizi mpaka asikie mpira wa lori umetiwa katika tangi lililo chini ya nyumba. Hapo ndipo husali, kisha akateleka chai.

Mwezi wa Mei joto la Hyderabad hupita nyuzi 40, na visima vilivyochimbwa kwa mashine hukauka kimoja baada ya kingine. Mfereji wa Khala ulitoa maji siku moja, siku ya pili ukanyamaza. Na hata siku yake ilikuwa ni kwa saa chache tu. Ni kweli kwamba tangu Januari 2021 kila nyumba yenye mita imeahidiwa lita 20,000 kwa mwezi bila ya malipo, na wako wengi wanaonufaika. Lakini maji ya bure yasiyofika ghorofani hayaoshi chombo. Kwa hivyo familia sita za jengo lile hugawana bei ya lori, na akina mama ndio watunza hesabu: nani ana mgeni, nani amefua mapazia, nani ameacha bomba wazi. Ahali yetu, hali jicho moja limefungwa, aliyajua mashauri yote ya ngazi ile kabla ya sisi kuwajua majirani wawili.

Ajabu ni kwamba mji huu umezaliwa kwa ajili ya maji. Uliasisiwa mwaka 1591 na Sultan Muhammad Quli wa ukoo wa Qutb Shahi, baada ya ngome ya Golconda kusongamana watu na maji yake kuwa haba. Watawala wale walijenga Charminar, jengo la minara minne ambalo kila mgeni hulipiga picha, lakini kazi yao kubwa zaidi kwa maoni yetu ni mabwawa. Bwawa la Hussain Sagar ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kwa Kitelugu bwawa huitwa cheruvu na dimbwi huitwa kunta, na ukizunguka mjini utasikia mitaa mingi ikiitwa kwa majina hayo, ilhali maji huyaoni. Makutano ya Masab Tank yamepata jina kutokana na bwawa la Maa Saheba, bibi mtukufu wa kifalme wa zama zile. Leo ni njia panda yenye daraja la magari juu yake.

Karibu na hapo upo mtaa wa AC Guards, uliopewa jina la askari wapanda farasi wenye asili ya Afrika waliomtumikia Nizam, na vizazi vyao wangalipo. Ama upande wa kusini upo Barkas, walikokaa askari wa Kihadhrami. Tulisali huko Ijumaa moja, na mzee mmoja, alipojua tutokako, alituuliza ukoo kwa ukoo kama anayesoma daftari la Lamu. Asubuhi huko huuzwa harisi, nayo si kitu kingine ila boko boko letu, ngano na nyama zilizopondwa mpaka zikashikana. Wao huila na sukari ukipenda, au na samli. Tuliila mara mbili na hatuoni haya kusema hivyo.

Mzee yule ndiye aliyetuonyesha upande liliko bwawa la Gurram Cheruvu, maana yake bwawa la farasi. Mwezi wa Oktoba 2020, baada ya mvua kubwa, ukingo wake ulivunjika usiku na maji yakaingia katika nyumba za mitaa iliyo chini yake. Tulimwuliza maji yaliwezaje kuja huko. Akasema: hayakuja, yalirudi.

Mji ulikwisha kuonywa. Tarehe 28 Septemba 1908 mto Musi ulifurika ukaua maelfu ya watu. Katika uwanja wa hospitali ya Osmania ungalipo mkwaju ambao, kwa masimulizi ya wenyeji, watu wapatao 150 walipanda matawini mwake wakasalimika. Baada ya msiba ule Nizam alimwita mhandisi mashuhuri, Visvesvaraya, na kwa ushauri wake yakajengwa mabwawa mawili juu ya mji: Osman Sagar lililokamilika mwaka 1920, na Himayat Sagar mwaka 1927. Yalizuia mafuriko na yakanywesha watu kwa pamoja. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya mji huvutwa kutoka mito ya Krishna na Godavari, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na huku nyuma mabwawa madogo ya mitaani yamefukiwa kwa kifusi na kuuzwa viwanja. Wakazi, ambao sensa ya 2011 iliwahesabu karibu milioni 7, wameongezeka mno. Upande wa magharibi, uitwao HITEC City, yamesimama majumba ya vioo ya makampuni ya kompyuta, na kila anayepata kazi huko hutafuta pa kulaza familia yake.

Hatusemi kwamba wakuu wa mji hawafanyi lolote. Tangu Desemba 2023 wanawake wa jimbo la Telangana husafiri bure katika mabasi ya kawaida ya serikali, na tuliwaona akina mama wa mabuibui wakishuka sokoni na vikapu, nauli imebaki mfukoni. (Ahali yetu alilipa, kwani hana kitambulisho cha huko, alifurahi kwa niaba yao.) Na mwaka 2024 serikali ya jimbo iliunda idara iitwayo HYDRAA, mojawapo ya kazi zake ikiwa ni kubomoa majengo yaliyoingia ndani ya mipaka ya mabwawa. Kando ya mto Musi nyumba zilipigwa alama nyekundu, RB-X, maana yake zimo ndani ya mto. Baadhi ya waliohamishwa walipewa nyumba za vyumba viwili kwingineko. Wengine walilia kwamba wana hati, wana risiti za kodi, na umeme waliunganishiwa na serikali hiyo hiyo. Rai yetu ni kwamba bwawa lina haki ya kurudishiwa mahali pake. Lakini mhuri wa hati ulipigwa ofisini na mtu aliyelipwa mshahara, na huyo hatukusikia kwamba nyumba yake imebomolewa.

Siku kumi kabla ya safari yetu ya kurudi, Khala alikuja na bahasha ya karatasi, akamkalisha mwanawe kando ili afasiri. Marehemu mumewe alifanya kazi Jeddah miaka mingi, na akiba yake yote aliinunulia kiwanja kusini mwa mji. Ramani mpya zimeonyesha kwamba kiwanja kile kimo ndani ya mpaka wa maji, pale bwawa linapojaa. Wakati wa kiangazi huwezi kujua. Ni ardhi kavu yenye nyasi. Sasa amepatikana mnunuzi, kijana aliyeoa karibuni, kutoka jimbo jingine, asiyeyajua mambo ya cheruvu. Bei ingetosha kumwoza binti wa Khala, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya pazia akisikiliza. Swali lake lilikuwa moja: je, kunyamaza ni kusema uongo?

Jibu tulilijua papo hapo, na tuseme ukweli, tuliomba kupewa mpaka kesho. Tulikuwa tumekula chakula cha mama yule majuma matatu. Usiku ahali yetu alituuliza kwa nini tunageukageuka. Tulipomweleza, alisema kwamba Khala hakuuliza kwa kutojua.

Asubuhi tulimwambia yale ambayo fikihi ya biashara inafundisha: muuzaji akijua aibu ya kitu akaificha, huo ni ghushi, na mnunuzi akija kuigundua ana khiyari ya kurudisha, wala hapana tofauti kama aibu imefichwa kwa maneno au kwa kimya. Mwanawe alighadhibika. Alisema, “Aliyemuuzia baba hakumwambia kitu.” Tulimjibu kwamba baba yake alidhulumiwa, na kwamba dhuluma ile ina mlango wake wa kudaiwa, nao si kwa kijana huyu na mkewe. Hakutusalimu siku tatu. Khala alimpigia mnunuzi simu mwenyewe, akamweleza juu ya maji. Kijana alishukuru, kisha hakupiga tena.

Siku ya safari ni mwanawe yule yule aliyebeba mizigo mpaka kwenye tuktuk, akatuomba dua, nasi tukamwomba radhi kwa uzito tuliomtwika. Mvua za Juni zilipoanza, Khala alitutumia ujumbe wa sauti: kiwanja kimejaa maji hadi kwenye nguzo ya mpaka, harusi imesogezwa mpaka mwakani, na wakili mmoja amekubali kuzisoma karatasi za marehemu. Mwisho aliuliza jicho linaendeleaje.